Kidonge cha Chooni na Kidonge cha Maji: Usivichanganye

(Muziki wa kufungua kipindi. Unashuka taratibu. Mtangazaji anaanza.)

Karibu tena katika kipindi chetu cha afya na usafi hapa kambini. Na wewe ambaye hukuwa karibu na redio, unayesoma maneno haya kwenye karatasi iliyobandikwa bombani au zahanati, karibu pia. Hujapitwa na kitu.

Leo tunaongea habari za choo. Najua kuna mtu anakula ugali wake sasa hivi. Pole sana. Lakini ukisikiliza hadi mwisho utaona kwamba choo na sahani yako ni majirani wa karibu kuliko unavyofikiri.

Wiki iliyopita mama mmoja alinisimamisha nikitoka bombani na dumu langu.

“Mwanangu, wewe si ndiye unayeongea redioni?”

“Ndiyo mimi, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Basi niangalizie kitu hiki.”

Akafungua ncha ya kitenge chake, akatoa kidonge kikubwa cha rangi ya bluu, kimefungwa kwenye nailoni. Mpwa wake alikinunua dukani mjini. Binti yake, ambaye alihamishiwa Marekani, alikuwa amemweleza kwenye simu kwamba choo cha kwake kinajisafisha chenyewe: unatia kidonge, maji yanageuka bluu, na choo kinanukia siku zote. Mama akaniuliza mambo mawili. La kwanza, je, akitumbukize kwenye shimo la choo chao? La pili, kikiisha, je, vile vidonge vya kutibu maji tunavyogawiwa vinaweza kufanya kazi hiyohiyo? “Maana vyote ni dawa,” alisema, “na hivyo vya maji vinanuka jiki.”

Ni maswali mazuri. Nikamwahidi nitayajibu redioni, kwa sababu najua si yeye peke yake anayejiuliza. Jibu kwa ufupi ni hili: kidonge cha bluu hakina kazi kwenye shimo letu. Na kidonge cha maji kisitupwe chooni hata siku moja. Sasa nikueleze kwa nini.

(Muziki mfupi.)

Kwanza nikiri jambo. Nilipokuwa darasa la saba, choo chetu kilikuwa kinanuka hadi mlangoni kwa jirani. Nilikuwa naona aibu wenzangu wakija kunitembelea. Siku moja nikachukua pakiti ya vidonge vya maji iliyokuwa chini ya kitanda cha mama, nikavitupa vyote shimoni. Siku ile choo kilinuka jiki kidogo. Kesho yake harufu ikarudi kama kawaida, kana kwamba sikufanya lolote.

Mama alipotafuta vidonge vya kutia kwenye dumu hakuviona. Nikanyamaza. Kwa siku kadhaa tulikunywa maji bila kuyatibu, kipindi cha mvua, wakati maji yalikuwa na rangi ya chai. Mdogo wangu akaanza kuharisha, akalazwa siku tatu. Siwezi kuapa kwamba ni yale maji. Lakini mama alipokuja kujua, aliniambia neno moja tu: “Uliilisha shimo dawa ya mdogo wako.” Mdogo wangu alipona, sasa ananishinda mbio. Lakini neno lile sijalisahau, na ndilo limenileta kwenye mada ya leo.

(Muziki mfupi.)

Tuanze na kile choo cha Marekani. Kinajisafishaje?

Choo cha kuflashi kina tangi dogo nyuma yake. Tangi hilo linajaa maji lenyewe kutoka kwenye bomba la nyumba. Ukibonyeza kitufe, kizibo cha mpira kilicho chini ya tangi kinafunguka. Maji yanashuka kwa nguvu kwenye bakuli la choo, yanasukuma uchafu kwenda kwenye bomba la majitaka. Kizibo kinajifunga, tangi linaanza kujaa tena.

Kidonge kinawekwa ndani ya tangi hilo. Kimetengenezwa kiyeyuke polepole, siku nyingi. Kila maji yakishuka, yanashuka na dawa kidogo. Baadhi ya vidonge vina sabuni, manukato na rangi ya bluu. Vingine vina klorini, ile iliyomo kwenye jiki, ambayo ndugu zetu wa Congo wanaiita javeli. Kwa hiyo kidonge hakitembei wala hakisugui. Maji ndiyo yanayokibebea dawa yake. Bila tangi na bila maji ya bomba, hakuna kinachotokea.

Sasa angalia hayo maji ni mangapi. Nchini Marekani, vyoo vipya vya nyumbani vinavyouzwa tangu 1994 vinatakiwa kutumia takriban lita 6 tu kila mara unapoflashi. Vya zamani vilitumia mara mbili ya hapo au zaidi. Hapa kambini, lengo linalowekwa na UNHCR ni kila mtu apate lita 20 kwa siku, za kunywa, kupika, kuoga na kufua. Kuflashi mara tatu ni lita 18. Yaani karibu maji yako yote ya siku yameondoka na haja tatu.

Kuna jambo jingine ambalo pengine binti wa yule mama hakumwambia. Hata huko, kidonge hakimalizi kazi. Kinapunguza madoa na harufu kwenye sehemu ambayo maji yanapita. Hakifiki kwenye kiti, hakifiki sakafuni, wala kwenye kile kitufe ambacho kila mtu anakigusa. Bado mtu anainama na brashi na sabuni. Na rangi ya bluu ni rangi tu. Maji ya bluu si lazima yawe maji yasiyo na vijidudu.

(Muziki mfupi.)

Sasa turudi kwetu. Choo chetu ni cha shimo. Ukitumbukiza kidonge, kinaanguka juu ya uchafu na kukaa hapo. Hakuna maji ya kukiyeyusha na kukisambaza. Umetupa pesa.

“Na nikimwaga jiki nyingi?” utauliza. Sikiliza namna klorini inavyofanya kazi. Klorini haichagui adui. Ikikutana na uchafu wowote inapambana nao, na katika kupambana yenyewe inaisha. Kwenye dumu la maji safi, klorini kidogo inatosha, kwa sababu uchafu ni mdogo. Kwenye shimo kuna uchafu wa familia nyingi, wa miezi na miaka. Klorini yako inaisha kwenye kile kitabaka cha juu kabla haijafika popote. Ndiyo maana harufu yangu ilirudi kesho yake.

Tena shimo lina wafanyakazi wake. Ndani yake kuna vijidudu vidogo visivyoonekana, na wadudu, ambao wanakula uchafu na kuupunguza, huku maji yake yakinywewa na udongo. Ukimwaga dawa kali mara kwa mara unawaua wafanyakazi hao bila kuondoa uchafu wenyewe.

Na kuna hatari. Mkojo uliokaa unatoa hewa ya amonia, ile inayochoma pua. Jiki ikikutana nayo inatoa hewa nyingine, kali zaidi, inayochoma macho na kifua. Katika kibanda kidogo kilichozungushiwa turubai, hiyo si ya kujaribu. Vilevile usichanganye jiki na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, hasa zile zenye asidi za kutolea madoa. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu.

Sasa swali la pili la mama, la vidonge vya maji. Hapa naomba uache kidogo unachofanya.

Mwaka 1994, mwezi wa saba, mamia ya maelfu ya watu kutoka Rwanda walivuka mpaka kuingia Goma. Maji safi hayakutosha, vyoo havikuwepo, ardhi ya mawe ya volkano haikuchimbika. Kipindupindu na kuhara damu vilifuata. Katika mwezi wa kwanza peke yake walikufa watu karibu 50,000. Na mwezi wa tano 2015, hapa hapa mkoa wa Kigoma, ndugu zetu waliokimbia Burundi walijazana katika kijiji kidogo cha Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wakingoja meli. Kipindupindu kiliwakuta pale. Waliugua maelfu, wakafa watu wapatao 30. Baadhi yenu mnaonisikiliza mlikuwa kwenye ufukwe ule. Hamhitaji kusimuliwa.

Kipindupindu kinatoka kwenye choo na kuingia mdomoni. Kinapita kwenye maji, mikono, chakula na nzi. Kile kidonge kidogo cha maji ni mlango unaofungwa kati ya choo na mdomo wa mtoto wako. Kidonge kilichoandikiwa lita 20 kinatiwa kwenye dumu la lita 20. Kama maji yana tope, yaache yatulie, uyachuje kwa kitambaa safi kwanza. Funika, subiri dakika 30, ndipo mnywe. Soma pakiti, au mwombe mwanafunzi akusomee, kwa sababu vidonge si vya ukubwa mmoja.

Na kinyume chake pia: kidonge cha chooni kisiingie kamwe kwenye maji ya kunywa, hata kama kinanuka jiki kama hicho kingine. Kina sabuni, rangi na kemikali ambazo hazikutengenezwa kwa tumbo la mtu. Mtoto akikiona atadhani ni pipi. Kama unacho nyumbani, kiweke juu, mbali na mikono ya watoto, na kisikae mfuko mmoja na vidonge vya maji.

(Muziki mfupi.)

Basi, kama si kidonge, choo kinasafishwa na nini? Kinasafishwa na mtu. Kwa vitu ambavyo wengi wetu tunavyo: ufagio wa chooni, kopo, maji kidogo, sabuni na majivu. Hivi ndivyo mimi na mama tunavyofanya.

Vaa ndala, na kama una glavu au mfuko wa nailoni wa mkononi, vaa. Fagia kwanza, kuanzia mlangoni kuelekea tundu. Kisha mwaga maji ya sabuni sakafuni. Hata maji uliyofulia yanafaa, usiyatupe. Sugua sakafu, sehemu za kukanyagia na ukingo wa tundu. Sugua na ukuta wa chini, kwa sababu mkojo unaruka. Suuza kwa maji kidogo, ukisukuma yote kuelekea tundu. Tumia maji machache, shimo lisijae.

Kama una jiki, sasa ndipo zamu yake, baada ya uchafu kuondoka na mkojo kusuuzwa. Chupa iliyoandikwa asilimia 3.5, changanya kopo 1 la jiki na makopo 6 ya maji. Acha mlango wazi hewa ipite. Paka sakafuni na kwenye kishikio cha mlango, acha dakika 10, kisha suuza. Changanya kiasi cha siku hiyo tu, maana ikikaa inapoteza nguvu. Kama huna jiki, usihuzunike. Sabuni na kusugua vimefanya sehemu kubwa ya kazi. Tena jiki haiwezi kila kitu: mayai ya minyoo yana ganda gumu, jiki haiyaui kirahisi. Hayo yanaondolewa kwa kusugua, kwa kuvaa ndala na kwa kunawa mikono.

Kwa harufu na nzi, tumia majivu. Weka ndoo ya majivu na kopo pembeni, kila mtu akimaliza anyunyize kidogo. Hakikisha yamepoa kabisa, turubai na nyasi zisije zikawaka.

Halafu angalia choo chako ni cha aina gani. Kama ni shimo la kawaida, tundu liwe na kifuniko na lifunikwe kila mara. Lakini kama nyuma kuna bomba refu lililosimama hadi juu ya paa, hapo mambo ni tofauti. Choo cha namna hiyo kilibuniwa Zimbabwe miaka ya 1970. Upepo ukipita juu ya bomba unavuta hewa chafu kutoka shimoni, na hewa safi inaingia kupitia tundu. Nzi walio shimoni wanafuata mwanga juu ya bomba, wanakutana na wavu, wanakwama na kufa. Kwa hiyo choo hicho usikizibe tundu, usikitoboe paa kupata mwanga, na usiuchane ule wavu. Ukiona umechanika, toa taarifa.

Usitupe shimoni chupa, matambara, pedi wala nailoni. Haviozi kirahisi, na vinajaza shimo kabla ya wakati. Uchafu ukibakiza nusu mita kufika juu, msiendelee kukitumia. Waambieni wahudumu wa usafi, kifukiwe na kichimbwe kingine.

Na kinyesi cha mtoto mchanga kinatupwa chooni. Wengi tunasema “cha mtoto hakina madhara.” Si kweli. Kina madhara kama cha mtu mzima, na pengine zaidi, kwa sababu watoto wanaugua zaidi.

Ukitoka, nawa mikono kwa sabuni. Kibuyu chirizi kinatengenezwa na dumu la lita 3 au 5, kamba, na kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Ning’iniza na kipande cha sabuni pembeni. Mkono haugusi dumu, na maji yanatoka kidogokidogo.

(Muziki mfupi.)

Limebaki jambo gumu kuliko yote, nalo si dawa wala ufagio. Ni zamu.

Viwango vinavyofuatwa na mashirika ya misaada vinasema choo kimoja kitumiwe na watu wasiozidi 20, na kisiwe mbali na nyumba zaidi ya mita 50. Wengi wetu tunachangia. Na choo cha watu wengi mara nyingi kinakuwa choo kisicho na mwenyewe. Kila mtu anasema, “Si mimi niliyechafua.” Mwisho wake watoto wanaenda vichakani, na mabinti wanaogopa kwenda usiku.

Kwetu tulikaa familia nne zinazotumia choo kimoja, tukaandika ratiba kwa mkaa kwenye kipande cha boksi. Kila familia wiki moja. Baba nao wamo, na vijana wa kiume wamo. Mwanzoni jirani mmoja, mzee wetu, alisema kusafisha choo si kazi ya mwanamume. Mama akamjibu kwa upole, “Sawa, mzee, lakini kukitumia ni kazi ya nani?” Wote tukacheka, naye akacheka. Wiki iliyofuata tulimkuta na ufagio.

Kama choo chenu hakina ratiba, anza leo jioni. Usingoje kiongozi wa blok. Kaeni majirani, andikeni, changieni sabuni.

Neno kwa wale mnaojiandaa kuhamia nchi za mbali. Huko mtakuta choo cha tangi, na madukani vidonge hivyo vya bluu. Si vibaya, lakini brashi nunueni pia. Vidonge vyenye klorini vikikaa sana ndani ya tangi vinaweza kuharibu kile kizibo cha mpira, maji yakaanza kuvuja na bili ikapanda. Rangi inaweza kukusaidia kwa jambo moja: kama hujaflashi na unaona bluu inashuka yenyewe kwenye bakuli, ujue tangi linavuja.

Na wewe mama uliyenisimamisha bombani, natumaini unasikiliza. Kidonge chako mrudishie mpwa wako, amuuzie mtu wa mjini mwenye choo cha tangi. Pesa hiyo nunua sabuni ya mche. Na vidonge vyako vya maji vitie kwenye dumu, wajukuu wako wanywe.

Tukutane tena katika kipindi kijacho. Kama una swali, nisimamishe bombani kama alivyofanya mama yule. Mimi ni mtangazaji wako. Nawa mikono, kisha endelea na ugali wako. Kwaheri.

(Muziki wa kufunga kipindi.)